Mchota Maji Aliyejenga Ukuta Usio na Lango

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, mwashi wa chuo chetu atanawa mikono, ataufuta mwiko wake kwa kipande cha gunia na kwenda nyumbani kupumzika. Atakuwa amekitumikia chuo miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku kumi na moja. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Ofisi ya Utumishi inayo hesabu nyingine, pungufu kwa siku tatu, lakini kati ya ofisi na mtu aliyeijenga ofisi hiyo, jarida hili linamwamini aliyejenga.

Wengi tunamjua kwa jina la Mama Timazi. Timazi, kwa faida ya wahadhiri ambao hawajawahi kunyanyua kitu kizito kuliko chaki, ni kipande cha chuma kinachoning'inizwa kwa uzi ili kuonyesha kama ukuta umesimama wima au unadanganya watu. Cha kwake hukaa mfukoni, mahali ambapo sisi wengine tunaweka simu, naye hukitoa bila kuombwa. Amepima milango, kabati, majukwaa, na jiwe la msingi lililowekwa na mgeni wa heshima ambaye sasa ni marehemu na hawezi kujitetea. Siku moja aliingia katika chumba cha walimu kuziba ufa, akakining'iniza kando ya ubao wa matangazo, akatutangazia kwamba kwa miaka sita tumekuwa tukisoma matangazo yaliyopinda kwa vidole viwili. Mwalimu wa hisabati alibisha. Akapewa uzi aushike mwenyewe. Hajabisha tena juu ya jambo lolote, na wanafunzi wake wanasema amekuwa mtu mpole.

Wapo watu wanaodhani ukuta ni bloku zilizopandiana. Watu wa namna hiyo wasipewe hata kazi ya banda la kuku. Bloku, yaani tofali la saruji, ni kiumbe mwenye kinyongo: ukiikosea kwenye kozi ya kwanza, yaani safu ya chini kabisa, kwa unene wa kucha, itakulipiza kwenye kozi ya kumi kwa upana wa kiganja, tena mbele ya wageni. Mhadhiri akikosea darasani hukohoa na kuendelea. Mwandishi akikosea hulaumu wachapaji. Mwashi akikosea, kosa lake hubaki limesimama palepale, jua na mvua, na kila mpita njia analisalimu. Ndiyo maana waashi wazuri ni wachache na wenye maneno ni wengi.

Mama Timazi aliajiriwa akiwa na umri wa miaka ishirini na minane, kuwachotea maji waashi waliokuwa wakijenga bweni la wasichana. Mstari wa cheo katika barua yake ya ajira una maneno mawili tu: mchota maji. Wiki ya tatu, kiongozi wa waashi, mzee mfupi aliyeitwa Babu Zege, aligundua kwamba binti wa ndoo humaliza kazi yake mapema, kisha husimama nyuma ya mafundi akikodolea macho kamba yao ya kunyooshea ukuta. Akamuuliza anatazama nini. Binti akajibu kwamba kamba imelegea. Babu Zege akacheka, akaigusa kamba, akaacha kucheka. Kuanzia siku hiyo binti alichota maji asubuhi na kushika mwiko mchana. Baada ya miaka minne mzee alistaafu, mwiko ukabaki mikononi mwa binti, na maji yakawa yanatoka bombani.

Tangu wakati huo, karibu kila kinachotukinga na mvua hapa chuoni kimepita katika viganja vyake. Amejenga jiko, zahanati, ghala la vitabu, ngazi za ukumbi na vyumba vya walimu wageni. Waliomwona kazini wanajua jinsi anavyoanza: hasemi neno mpaka pembe nne zimesimama. Anajenga kona kwanza, anavuta kamba kutoka kona hadi kona, na hapo ndipo anapoanza kuzungumza, na akianza hakuna anayepona. Vibarua wake wanasema kuna siku walitamani ukuta uwe na kona kumi na mbili.

Kuhusu bloku zenyewe, hana huruma. Kila moja huigonga kwa kifundo cha kidole na kuisikiliza, kama mama anayegonga nazi sokoni. Miaka michache iliyopita lori lilileta mzigo wa bloku mia sita, na muuzaji akaja nao, kijana mwenye viatu vilivyochongoka. Mama Timazi aligonga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akamwomba muuzaji aichukue moja na kuiachia kutoka usawa wa goti. Ikapasuka kama biskuti. Kijana akasema, "Mama, hizi ni bloku za kisasa." Akajibiwa, "Naona, mwanangu. Za kisasa, ndiyo maana hazitaki kufika kesho." Lori likaondoka na mzigo wake. Aliyekuwa Mkuu wa Chuo wakati huo alilalamika kwamba kazi imechelewa kwa wiki mbili. Jengo lile limesimama mpaka leo, na Mkuu yule alikwisha kuhamishwa.

Lakini barua yake ya ajira haikusogea hata inchi moja. Hapa msomaji avumilie, kwa maana jambo hili likielezwa haraka linafanana na uongo. Ili mtumishi abadilishiwe cheo na kuitwa fundi, sharti awe na cheti cha mtihani wa ufundi. Ili chuo kimpeleke kwenye mtihani wa ufundi, sharti awe katika cheo cha fundi. Mama Timazi aliomba kupelekwa mara saba. Mara saba alijibiwa kwa barua safi, yenye mhuri, kwamba mchota maji hawezi kufanya mtihani wa fundi, na kwamba akishakuwa fundi anakaribishwa kuomba tena. Chuo kinachotoa vyeti kila mwaka, kwa mamia, mpaka kwa watu tunaowajua, kilishindwa kumpa cheo mtu aliyezijenga kuta zinazotundikwa vyeti hivyo.

Yeye alilichukulia jambo hilo kwa utani, au ndivyo tulivyodhani. Mume wake ni fundi cherehani, na kwa miaka mingi amemtania kwamba katika nyumba yao kuna fundi mmoja tu, mwenye nyumba, na kwamba yeye mke aendelee na ndoo zake. Mke humjibu kwamba nguo zake zinafuliwa mara mbili na kuchanika, na kwamba bado hajaona ukuta uliochanika kwenye makalio. Wakicheka hivyo, mtu angesema hakuna kidonda.

Kidonda kilikuwepo. Binti yao, ambaye sasa ni muuguzi, alipokuwa anaomba nafasi ya masomo alitakiwa kupeleka barua kutoka kwa mwajiri wa mzazi. Ofisi yetu ikaandika ilichokuta kwenye faili. Binti akaisoma njiani. Jioni aliporudi aliweka barua mezani, akamuuliza mama yake, taratibu kabisa, "Mama, kumbe ulikuwa unatudanganya?" Mama Timazi alitusimulia kisa hicho mara moja tu, akichanganya zege, na hakutuangalia usoni. Kisha akasema kwamba saruji bila maji ni vumbi lenye majivuno, na kwa hiyo hana aibu ya kuchota maji. Bali hataki kufa akiwa mwongo mbele ya mtoto wake.

Basi alipobakiwa na miezi mitatu, tulijua anachokitaka. Hakutaka sherehe. Hakutaka nyongeza. Alitaka barua ya kustaafu imwite fundi. Barua hiyo huandikwa kwa kunakili cheo kilichomo kwenye faili, na faili lilikuwa linamsubiri na maneno yake mawili.

Katika miezi hiyo mitatu alipewa kazi yake ya mwisho: ukuta wa bustani ya mboga, nyuma ya jiko. Bustani ile ni mali ya roho ya mtunza bustani wetu, Bwana Mbolea, ambaye alikuwa amechoka kulima nyanya kwa ajili ya mbuzi wa majirani na, tuseme ukweli, kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa pili. Chuo kikaamua kuizungushia ukuta wa bloku, mita sabini kwa jumla, kozi kumi kwenda juu, na nguzo kila baada ya mita tatu. Ikaundwa kamati.

Tunayaandika haya kwa mapenzi, lakini tunayaandika. Kamati ya watu tisa ilikutana mara nne kujadili ukuta wa nyanya. Kuhusu urefu walikubaliana kwa dakika tano. Kuhusu lango, hapana. Mpishi Mkuu alitaka lango lielekee jikoni, kwa sababu mboga zinakwenda jikoni. Ofisi ya utawala ilitaka lielekee utawala, kwa sababu wageni wanatokea utawala. Katika kikao cha nne mtu mmoja alipendekeza malango mawili, akazomewa na pande zote, na ikaandikwa katika kumbukumbu kwamba suala la lango litajadiliwa kikao kijacho. Kikao kijacho hakikuitishwa. Mchoraji ramani, ambaye ni mtu mtiifu, alichora kile kilichopitishwa: ukuta, pande nne, bila lango.

Mama Timazi aliitazama ramani, akaigeuza, akatazama nyuma yake kama kuna kitu kimefichwa. Akaenda kuuliza. Akaambiwa asubiri. Akauliza tena kwa maandishi. Akaambiwa suala liko kwenye kamati. Mara ya tatu Katibu wa kamati, aliyekuwa na haraka, aliandika pembeni mwa ramani yenyewe kwa kalamu nyekundu: "Jenga kama ilivyochorwa." Akaweka sahihi na tarehe. Mama Timazi akaikunja ramani vizuri sana, akaitia kifuani, akaenda kuchimba msingi.

Alijenga kwa wiki nane, na jarida hili linashuhudia kwamba hatujawahi kuona ukuta mtamu kama ule. Alichimba msingi mpaka kwenye udongo mgumu, akamwaga zege, akalilaza siku tatu. Kozi ya kwanza aliipanga kwa siku mbili nzima, akirudia, akigonga kwa mpini wa mwiko, akipiga magoti na kufumba jicho moja. Kila bloku ilikaa katikati ya maungio ya zile mbili za chini yake. Kila asubuhi na kila jioni aliumwagilia ukuta maji, kwa maana saruji hukomaa kwa maji na si kwa jua kama wanavyodhani wenye pupa, na alipokuwa akimwagilia aliimba kwa sauti kwamba mchota maji yuko kazini. Tulidhani ni wimbo tu.

Upande wa mwisho, ule wa magharibi, aliuacha mpaka siku za mwisho, na huko ndiko kila mtu alikuwa akipitia. Bwana Mbolea aliingia na kutoka huko na toroli lake, vibarua waliingia na kutoka huko, hata Katibu wa kamati alipita huko mara mbili kuja kusifu. Pengo likapungua, watu wakawa wanainua miguu. Likapungua tena, watu wakawa wanaruka. Jumatatu jioni, siku tano kabla ya uzinduzi, Mama Timazi aliweka bloku ya mwisho ya kozi ya kumi, akakwangua saruji iliyozidi, akaosha mwiko. Bwana Mbolea alikuwa ndani akimwagilia miche. Ilibidi atolewe kwa ngazi. Toroli lilibaki ndani, na kwa siku nne zilizofuata lilikuwa ndilo pekee kati yetu lililokuwa kituoni saa zote za kazi.

Bwana Mbolea alisimama nje, akautazama ukuta, akasema, "Dada yangu, kuna kitu hapa." Akajibiwa, "Kaka, nimejenga kama ilivyochorwa." Kwa siku tatu mtunza bustani huyo alipanda na kushuka kwa ngazi na ndoo ya mbolea begani, akitukana kwa adabu. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu wote tulikuwa tunapaka rangi mawe ya njiani kwa ajili ya mgeni rasmi.

Alhamisi mchana Katibu wa kamati alikwenda kufunga utepe wa uzinduzi. Alikuwa na utepe mzuri mwekundu, mkasi mpya na msichana wa ofisini wa kushika upande wa pili. Akauzunguka ukuta akitafuta lango la kulifungia utepe. Akauzunguka tena, safari hii kwa kuelekea upande mwingine, kana kwamba lango lilikuwa linamkimbia. Msichana wa ofisini anasema kwamba katika mzunguko wa tatu Katibu alianza kuugusa ukuta kwa kiganja, kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani.

Mkuu wa Chuo aliitwa. Kamati ikaitwa, na kwa mara ya kwanza wote tisa walifika kwa wakati. Mama Timazi akaitwa, akaja na ndoo. Mkuu, akijitahidi kutuliza sauti, akamuuliza, "Mama Timazi, lango liko wapi?"

"Lango, Mkuu, liko kwenye kikao kijacho," akajibu, akaitoa ramani kifuani na kumwonyesha wino mwekundu.

Waliokuwepo wanasema Katibu alitamani ardhi immeze, lakini ardhi iliyolimwa ilikuwa ng'ambo ya ukuta. Mkuu akaelekea kwenye jambo la maana: mgeni rasmi anafika Jumamosi saa nne. Lango litobolewe mara moja. Akaitwa mkandarasi wa mjini, mtu mnene mwenye kofia ya plastiki isiyo na mkwaruzo hata mmoja. Akaugonga ukuta, akatikisa kichwa. Ukikata bloku za chini, alisema, za juu zitashuka. Kwanza zishikiliwe kwa mihimili, kisha zikatwe, imwagwe linta, yaani boriti ya zege, juu ya nafasi ya lango, ikomae, ndipo lango lipachikwe. Siku kumi, na asilaumiwe kwa nyufa. Akaaga.

Mkuu akamgeukia Mama Timazi, akamwagiza alitoboe lango yeye. Hapo ndipo Mama Timazi alipofanya lile ambalo litasimuliwa hapa chuoni hata baada ya ukuta wenyewe kubomoka. Aliomba ruhusa, akaenda, akarudi baada ya nusu saa na barua. Tumeiona, na tunainakili kwa ukamilifu: "Mkuu, nimepokea agizo lako kwa heshima. Kutoboa lango katika ukuta uliokamilika ni kazi ya fundi. Mimi, kwa mujibu wa faili langu, ni mchota maji. Sitaki kuvunja kanuni za chuo nikiwa karibu kustaafu. Fundi akipatikana, ndoo zangu ziko tayari."

Afisa Utumishi alikuwa wa kwanza kukasirika. Alimwambia kwamba amejenga kuta miaka yote hiyo bila kuuliza faili lake linasema nini. "Ndiyo, mwanangu," akajibu Mama Timazi, "na ninyi mmeniacha nijenge miaka yote hiyo bila kuuliza." Akaigeuza ndoo juu chini, akaikalia. Mpishi Mkuu alicheka mpaka akalazimika kwenda jikoni.

Sasa msomaji asikie jambo la kuudhi. Kipo kijitabu cha kanuni za utumishi, chenye jalada la kijani, ambacho kimekaa kwenye kabati la ofisi ile tangu enzi za Babu Zege. Kwa miaka thelathini hakuna aliyekifungua kwa ajili ya mwanamke mwenye ndoo. Alhamisi ile kilifunguliwa, na kwa muda wa dakika ishirini tu kikatoa kifungu kifupi kisemacho kwamba mtumishi aliyefanya kazi ya ufundi kwa miaka isiyopungua kumi anaweza kuthibitishwa na Mkuu wa Chuo katika cheo cha fundi bila mtihani. Bila mtihani! Barua saba zilizopigwa mhuri, na jibu lilikuwa linalala kwenye droo ya pili ya kabati hilo, chini ya kalenda za zamani. Waliotangulia katika ofisi ile wajitafakari. Wasipoweza, waje watuone, tuwasaidie.

Kwa haki, tuseme kwamba Mkuu wa Chuo wa sasa hakujikanyaga. Alikisoma kifungu mara mbili, akaomba faili zima, akazisoma zile barua saba palepale bustanini akiwa amesimama. Alipomaliza hakutaja lango. Alimuuliza Mama Timazi kwa nini hakuja kumwona yeye binafsi. Mama Timazi akasema, "Nilikuja, Mkuu. Niliambiwa uko kwenye kamati." Barua ya uthibitisho iliandikwa mchana huohuo, ikapigwa mhuri juu ya ndoo, kwa kuwa hapakuwa na meza. Cheo: Fundi Mwashi Mkuu. Aliisoma taratibu, akisogeza kidole chini ya kila neno. Kisha akaomba nakala ya pili. Hakusema ya nani, na hakuna aliyemuuliza.

Ijumaa saa mbili asubuhi alifika na nyundo na tindo, ile patasi ya chuma inayokata mawe. Chuo kizima kilikuwa pale, na wahadhiri waliahirisha vipindi kwa sababu za kitaaluma. Hakwenda upande wa jikoni. Hakwenda upande wa utawala. Alikwenda upande wa magharibi, pale penye kijia kilichochimbwa na miguu ya Bwana Mbolea kwa miaka kumi na tano, akagonga bloku moja ya kozi ya nane, na ikatoka kama jino la mtoto. Ya pili ikafuata. Ya tatu. Hazikuwa zimeunganishwa kwa saruji, bali kwa udongo, uliopakwa saruji nyembamba usoni ili usionekane. Na juu yake, ndani ya kozi ya tisa, ilikuwa imelala linta ya zege yenye nondo nne, iliyomwagwa kando na kukomaa kabla ya kupandishwa, ikishikilia kila kilichokuwa juu yake. Kando zote mbili bloku ziliishia sawasawa, laini, tayari kwa fremu. Kwa dakika arobaini lango lilikuwa wazi. Toroli lilikuwa la kwanza kutoka.

Hakuna fundi anayejenga ukuta bila kujua watu watapita wapi. Jambo hilo kamati ya watu tisa haikuligundua kwa vikao vinne, na yeye alilijua kwa kutazama majani yaliyokanyagwa.

Mkuu aliinama, akaitazama linta kutoka chini, akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo lango lilikuwepo siku zote?"

"Lilikuwepo, Mkuu," akasema Fundi. "Halikuwa na barua tu."

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi bila dosari. Mgeni rasmi alikata utepe, akausifia ukuta, na akaipongeza kamati kwa kuchagua mahali panapofaa pa lango. Kamati ilipiga makofi.

Jumatatu, wiki yake ya kwanza kamili akiwa fundi kwa maandishi ikianza, alikwenda Ofisi ya Utumishi na kuomba fomu zote za kukabidhi kazi za ujenzi tangu alipoanza kujenga. Fomu hizo zina nafasi ya sahihi ya fundi, na kwa kuwa yeye hakuruhusiwa kuitia, chuo kilikuwa kinamtafuta mtu yeyote mwenye cheti. Tumeziona. Zahanati ilisainiwa na fundi umeme. Ghala la vitabu lilisainiwa na mwalimu wa muziki. Jiko lilisainiwa na dereva, kwa leseni yake ya magari makubwa, kwa sababu fomu ilitaka cheti na haikusema cha nini. Zilikuwa fomu arobaini na moja. Mkuu alitoa kibali, Afisa Utumishi akaleta kiti, na Mama Timazi akakaa kutwa nzima akitia sahihi yake chini ya sahihi za watu hao, moja baada ya nyingine, akisimama mara kwa mara kwenda dirishani kulitazama jengo kabla ya kuliandikia.

Zote alizitia sahihi, isipokuwa moja. Ni ile ya ukuta wa nyuma ya chumba cha kufulia, ambao ulijengwa alipokuwa likizo ya uzazi, chini ya usimamizi wa mhandisi mwenye vyeti vitatu. Ukuta huo tunaufahamu. Umeegemezwa kwa magogo mawili tangu mwaka uliofuata, na nguo hazianikwi karibu nao. Fomu yake aliisoma, akaisukuma taratibu mpaka upande wa pili wa meza.

"Huu mwachieni mwenye vyeti," alisema. "Mimi ni fundi."

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, waliokingwa na kuta zake na waliochomwa na ulimi wake, jarida hili linamshukuru. Linamshukuru pia mume wake, ambaye kuanzia sasa itabidi aigawe nyumba na fundi mwenzake, na binti yao, aliyekuja Jumamosi na sare yake ya kazi, akaiomba nakala ya pili ya barua na kuipiga picha kabla hata ya kumsalimu mama yake. Tunakuombea afya njema, magoti yasiyolalamika, usingizi mrefu wa mchana, na wajukuu wanaosikia wakiitwa mara ya kwanza. Pumzika vizuri, na uende salama, Fundi.